Kioo Kando ya Gunia Lililolowa

Kitu cha kwanza kilichonikasirisha kuhusu perovskaiti ni kwamba inaogopa maji. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2012, nimekaa kwenye duka la intaneti mjini Lodwar, shati limenigandia mgongoni, nasoma kwa mara ya nne makala ambayo nusu ya maneno yake nilikuwa nimeyanakili kwenye daftari nikayatafute maana. Makala ilieleza aina mpya ya seli ya jua. Haikuhitaji tanuri kubwa kama zile paneli nilizozoea kuzirekebisha. Unayeyusha chumvi mbili, unadondosha tone juu ya kioo, unakizungusha kioo kwa kasi, na kimiminika kikikauka unabaki utando wa kahawia, mwembamba kuliko unywele, wenye fuwele ndogo zilizoshikana, zinazokula mwanga na kuutoa kama umeme. Kisha mwisho kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, waandishi wakasema utando huo ukipata unyevu unaharibika. Unageuka njano.

Mimi nimezaliwa Lodwar. Sikuwahi kuona kitu kinachokataa maji. Mbuzi, punda, mpapai mmoja wa jirani, sisi wenyewe, wote tunayakimbilia. Hapa palikuwa na kitu kinachotaka jua na ukavu tu, yaani kinataka Turkana, na watu waliokuwa wakikitengeneza waliishi kwenye miji ya mvua, wakakifungia ndani ya masanduku ya kioo yenye hewa iliyokaushwa kwa mashine. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Mwaka ule mji mzima ulikuwa unazungumzia mafuta yaliyopatikana ardhini, nani atapata kazi ya udereva, nani ya ulinzi, na mimi nilikuwa natembea na daftari nikiwaza zile chumvi mbili, moja yake ya madini ya risasi.

Niseme nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo hakuna chuo kilichozitaka, na si kwamba sikujua majibu. Katika mtihani wa kemia nilifuta na kuandika upya jibu la swali la pili mpaka karatasi ikatoboka na muda ukaisha. Ndivyo nilivyo. Skrubu nikizipanga mezani lazima zielekee upande mmoja. Herufi ikipinda nachana ukurasa. Watu waliita hiyo bidii, nami nikawaacha waite hivyo.

Kazi yangu ilikuwa Kakuma. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na taa za sola katika soko la kambi ya wakimbizi, na mwisho wa wiki nilirudi Lodwar kwa mama yangu.

Agosti 2013 alikuja likizo kijana aliyenitangulia shuleni miaka minne. Alikuwa anasoma ng'ambo, katika maabara iliyoshughulika na utando huohuo, na tulikuwa tumeandikiana kwa miezi, mimi maswali marefu, yeye majibu ya mstari mmoja. Tulikutana hotelini, akatoa chupa tatu ndogo ndani ya soksi. Moja ilikuwa na kimiminika cha kuyeyushia. Ya pili poda nyeupe. Ya tatu poda ya njano, nikaitambua kabla hajafungua mdomo: iodidi ya risasi, ile ile ya jaribio la kidato cha tatu, njano kama kiini cha yai.

"Kwanza unatandika njano kwenye kioo," akaniambia. "Ikikauka unaichovya kwenye hii nyeupe iliyoyeyushwa kwa spiriti. Inageuka kahawia hapo hapo. Sisi huko tunahangaika na unyevu, na nyinyi hewa yenu ni kavu kuliko maabara yetu. Funika na kioo kingine, ziba kingo na gundi, acha juani siku kumi, piga picha kila asubuhi. Ikikaa siku kumi bila kurudi njano, nitamwandikia profesa mmoja wa Nairobi. Anatafuta msaidizi wa maabara. Yule mzee hajali vyeti, anataka mikono."

"Na ikikaa siku tisa?"

"Bro, usianze."

Poda ile ilitosha vioo kumi na viwili. Nilihesabu usiku na mchana: vioo kumi na viwili, siku kumi, barua moja. Sikuwa na mlango mwingine wa kutoka kwenye kile kibanda na nilijua hivyo. Kwa hiyo niliianza kazi ile nikiwa tayari nimekunja ngumi.

Kizunguzo, yaani chombo cha kuzungushia kioo, ndicho kilichonishinda kwanza. Nilijaribu feni ya kompyuta mbovu. Ilianza kwa kishindo, ikalegea betri iliposhuka, na tone la njano likakauka kwa miduara kama shina la mti lililokatwa. Vioo viwili vikaenda hivyo. Utando ukikauka bila kasi moja, fuwele nazo hujipanga ovyo, hapa nene, pale tundu, na kwenye tundu hakuna umeme. Nilikuwa nimekaa kibandani natazama zile tundu kwa kioo cha kukuzia pale jirani yangu aliponiuliza swali.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, mama kutoka Sudan Kusini, aliyeshona sare za shule na magauni ya kanisani. Kwa wiki mbili alikuwa ananiangalia tu. Kila mwanamume anayesoma karatasi alimwita ustaz, yaani mwalimu, na kwangu aliongeza sauti fulani.

"Ustaz. Hii kioo yako inataka nini?"

"Inataka kuzunguka. Haraka, na kwa mwendo mmoja."

"Kama mtu ya pombe."

"Mlevi hazunguki kwa mwendo mmoja."

Alifikiri, kisha akalegeza kokwa ya gurudumu la cherehani yake ili sindano isitembee, akabonyeza kile kijimhimili cha kujazia bobini, akakanyaga pedali. Bobini ikageuka ukungu. Niliitazama kwa muda. Ilikuwa inavuma sauti moja, haipandi, haishuki. Mguu wake ulikuwa unafanya kazi ambayo betri yangu ilishindwa, na yeye alikuwa akinitazama mimi, wala hakuangalia mguu.

Nilinunua kijimhimili cha namna ile kwa fundi wa cherehani mbovu, nikakifunga wima juu ya ubao ili kioo kilale, nikakiunganisha kwa kamba na gurudumu lake. Nikakata dumu la plastiki kukizunguka, matone yasirukie vitambaa. Hapo akaniuliza hiyo njano ni nini. Nikamwambia ni risasi, kama ya betri ya gari, ni sumu, tusile karibu nayo, tunawe. Nilikuwa na jozi moja ya glavu na nilikuwa nimezivaa mimi. Akaziangalia glavu, akaniangalia usoni, akaanza kuhamisha vitambaa vyake vyote mpaka ukuta wa mbali, kimoja kimoja, bila haraka, mpaka niliona haya nikaenda zahanati kuomba jozi ya pili.

Tulifanya kazi saa za mchana mkali, wakati wateja wamejificha vivulini. Yeye anakanyaga, mimi nadondosha tone. Kila mara nilimwambia aongeze, apunguze, aongeze kidogo, si hivyo. Siku ya tatu, kioo cha tano, utando ulitoka na doa katikati, nikapandisha sauti. Nikasema mguu wake umesita.

Akaondoa mguu kwenye pedali. Akakunja mikono.

"Mguu yangu imeshona kutoka Kapoeta mpaka hapa," akasema. "Wewe mkono yako inatetemeka. Mimi naona. Tone inaanguka ya kwanza, halafu moja ndogo nyuma yake, kama mtoto inafuata mama. Hiyo doa ni mtoto."

"Mkono wangu hautetemeki."

"Basi tafuta mguu ingine."

Alikataa kunikanyagia siku hiyo na siku iliyofuata. Alisema nitaomba msamaha mbele ya mteja, mteja yeyote atakayeingia. Aliyeingia alikuwa askari polisi mwenye suruali iliyopasuka. Nikaomba msamaha mbele yake, neno kwa neno, na yeye akauliza kama nimeiba. "Bado," fundi akamjibu.

Na mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nilianza kuuegemeza kwenye ukingo wa dumu, lile tone dogo la nyuma likakoma, na utando wa njano ukatoka laini kutoka pembe hadi pembe. Sikumwambia kwamba alisema kweli. Alijionea mwenyewe.

Kukausha nako kulihitaji joto la kadiri, kama digrii sabini, na sikuwa na kipimajoto. Yeye alikuwa na pasi ya makaa. Nilimwuliza anajuaje joto lake, akasema kuna joto la pamba, kuna joto la nailoni, na chini ya hapo kuna joto la utepe wa bibi harusi ambao ukizidisha kidogo unajikunja. Akaileta pasi karibu na shavu lake kama mtu anayesikiliza. "Hii ya utepe," akasema. Tukaweka kipande cha bati juu ya pasi iliyopinduliwa, kioo juu ya bati, utando ukakauka bila kupasuka.

Kisha nikauchovya kwenye spiriti yenye ile poda nyeupe, na ukafa mikononi mwangu. Badala ya kugeuka kahawia ulipauka, ukamomonyoka, ukaelea kwenye kikombe kama ngozi ya maziwa. Na wa pili hivyo hivyo. Vioo viwili vizuri kuliko vyote. Nilipiga teke kiti. Spiriti, yule msomi wa ng'ambo aliniambia, utapata duka la dawa. Ng'ambo labda spiriti ni spiriti. Ya kwetu imechanganywa na maji, imeandikwa kwenye chupa kwa herufi ndogo, na mimi ninayesoma kila kitu mara nne sikuisoma hata mara moja kwa sababu mtu aliyevuka bahari alisema inafaa. Nilimchukia kwa wiki nzima. Nikachukua mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, nikaukaanga kwenye kifuniko cha bati mpaka rangi ya buluu ikatoka ukabaki mweupe, nikautia ndani ya spiriti. Ukageuka buluu, yaani ulikuwa umekunywa maji. Nikachuja, nikakaanga mwingine, nikatia tena. Mara ya tano ulibaki mweupe.

Vioo vilikuwa vimebaki vitatu. Cha kwanza kilidondoka chini. Cha pili upepo wa vumbi uliingia tukiwa tunakikausha. Cha tatu fundi alikanyaga, mimi nikadondosha, pasi ikafika joto la utepe, kisha nikakishika kwa koleo nikakizamisha kwenye kikombe. Njano ikaanza kupata moshi kwa ndani. Ikawa rangi ya chai, kisha ya udongo uliochomwa, kisha kahawia nzito kiasi kwamba niliponyanyua kioo niliona uso wangu ndani yake. Sekunde ishirini, hazikuzidi. Ile poda nyeupe ilikuwa imeingia kati ya tabaka za njano na kuzigeuza kuwa kitu kingine kabisa.

"Kama nguo kwenye rangi," fundi akasema.

"Si rangi. Ni fuwele mpya."

"Nimesema kama."

Nikaweka kioo cha pili juu yake, nikaziba kingo zote nne kwa gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa. Fundi alitaka kwenda kuona kikiwa juani Lodwar, lakini mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na kibali cha kwenda kutazama kioo hakuna ofisi ingekitoa. Aliniambia nimletee picha zote. Nikaahidi. Nilifunga kibanda kwa siku kumi na mbili nikaenda nyumbani.

Sikukiweka kioo Kakuma kwa sababu kitu kinachong'aa juu ya paa la soko hakikai. Nyumbani nilikifunga kwa waya juu ya paa la jiko, ambalo ni la chini, unalifikia ukisimama kwenye kigoda. Kila asubuhi saa mbili nilipanda na simu yangu, nikaweka kando ya kioo kipande kilekile cha karatasi nyeupe, nikapiga picha. Siku ya kwanza kahawia. Ya pili kahawia. Ya tatu kahawia. Mama alikuwa akinitazama kutoka chini. Aliniuliza mara moja tu kile kioo ni cha nini, nikamjibu, "Mambo ya sayansi, mama, huwezi kuelewa." Nilikuwa na haraka. Na hata kama nisingekuwa na haraka ningemjibu hivyo.

Sasa nifike siku ya nne.

Siku ya nne niliona, ndani, karibu na pembe ya kulia, uzi. Uzi mfupi mweupe, wa kitambaa cha sare, mrefu kama kope. Ulikuwa umenaswa kati ya vioo viwili na haukuwa unaharibu chochote. Nilishuka, nikanywa chai, nikapanda tena. Bado ulikuwepo. Nikawaza profesa wa Nairobi akiikuza picha na kuona uzi. Saa sita nilipasha wembe kwenye jiko, nikaukata ule ukingo wa gundi kwenye pembe, nikainua kioo cha juu kiasi cha unene wa ukucha, nikautoa uzi kwa sindano. Nikachanganya gundi iliyobaki, nikaziba tena. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye vidole. Kazi yote ilichukua muda wa mtu kunawa mikono. Nilijisikia safi baada ya hapo. Sikuandika jambo hilo kwenye daftari ambalo nilikuwa naandika hata upande ambao upepo ulitokea.

Siku ya sita mwenye duka wa Lorugum alinipigia simu, sola yake imezima na friji ina dawa za mifugo. Nikapiga picha ya asubuhi, nikapanda pikipiki nikaenda. Kazi ikanichelewesha, nikalala huko. Niliporudi siku ya saba, asubuhi, niliangalia paa kabla sijateremka kwenye pikipiki. Waya ulikuwepo. Kioo hakikuwepo.

Kila nyumba ya kwetu ina mahali pa baridi. Kwa mama ni pembeni mwa ukuta wa mashariki, upepo unapopita: dumu la maji limefungwa gunia la katani, na gunia analilowesha asubuhi na jioni. Upepo ukilikausha, maji ndani yanapoa. Lakini mahali pale si pa maji peke yake. Maziwa anayaweka pale, chini ya mkunjo wa gunia. Dawa yake ya macho. Mshumaa wa ubatizo wa dada yangu, usiyeyuke. Kitu chochote anachotaka kisiharibiwe na jua, mama anakipeleka kwenye gunia.

Kioo changu kilikuwa pale, kimezungushiwa kitambaa safi na kuingizwa kwenye mkunjo, kimelala usiku mzima kifuani mwa gunia lililolowa. Nikakifungua. Robo tatu yake ilikuwa njano. Njano ileile ya kidato cha tatu, yenye vumbivumbi. Poda nyeupe ilikuwa imetoka ikaenda zake, na risasi ikabaki pale ilipokuwa kabla hatujaanza, kabla ya pasi na pedali.

"Jana jua lilikuwa kali," mama akasema nyuma yangu. "Niligusa, kikaniunguza. Nikasema mtoto atakuta kimepasuka."

Nilisema maneno ambayo nitayaandika machache. Nilimwambia kila kitu anachokigusa anakiharibu. Nilimwambia nitakufa maskini pale kwa sababu ya gunia lake. Nilimwuliza nani alimtuma, na nikauliza tena na tena mpaka jirani akatoka nje. Mama alikichukua kile kitambaa alichokuwa amekizungushia kioo, akakikunja, akaingia ndani.

Nilirudi Kakuma siku hiyohiyo. Nikamwandikia msomi barua pepe: utando ulikaa siku sita bila dosari, kisha mama yangu akauweka kwenye maji bila mimi kujua, naomba chupa nyingine. Akajibu upesi, kwa mara ya kwanza zaidi ya mstari mmoja. Alisema pole sana, hilo si kosa lako, nitumie picha za siku sita, kama ni safi nitamwandikia profesa hivyohivyo.

Mlango ulikuwa bado wazi. Nilipaswa kufurahi. Nikazunguka siku mbili nina hasira na kila mtu, na wateja, na simu zao. Siku ya tatu fundi alidai picha zake.

Alichukua simu yangu, akazipitisha moja moja, polepole, kama anavyochagua uzi wa kufanana na kitambaa. Kwa moja akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi.

"Hii siku gani?"

"Ya tano."

"Hapa kwa pembe imepauka."

"Ni mwanga."

"Karatasi yako nyeupe ni ileile. Mwanga ingepausha karatasi." Akaikuza picha ya sita. "Hapa imepauka zaidi. Imeanza kwa pembe, inatembea ndani. Kama maji inaingia kwa pindo." Akanitazama. "Siku ya tano mama yako alikuwa ameweka kwa gunia?"

"Hapana."

"Kalas," akasema, yaani imekwisha, na akanirudishia simu. Hakuuliza nini kilitokea kwenye ile pembe. Aliendelea kushona.

Nilikuwa nimeiona. Hilo ndilo ninalotaka kusema hapa na sijui namna nzuri ya kulisema. Asubuhi ya siku ya tano nilisimama kwenye kigoda nikaona pembe ile imefifia kama chai iliyoongezwa maji, na nikajiambia ni mwanga. Asubuhi ya siku ya sita nikaona tena, nikapanda pikipiki haraka kwenda Lorugum, na njia nzima nilishukuru kwamba kuna friji imeharibika. Kioo kilichozibwa sawasawa ungeweza kukitumbukiza kwenye ndoo. Gundi ndiyo kazi yake. Gunia lilikuta mlango uliofunguliwa na mimi, na jasho la vidole vyangu lilikuwa limetangulia ndani. Nilipomkuta mama na kitambaa chake safi, kabla hata hasira haijaja, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Hilo ndilo lililonitia hasira nyingi, na nikammwagia yeye.

Nilikaa na zile picha jioni ile mpaka betri ikabaki kidogo. Zilikuwa sita. Ningeweza kutuma nne na kusema mbili zilifutika. Ningeweza kuzikata pembe. Nilijaribu, niseme ukweli, nilizikata pembe, nikaziangalia, zilikuwa nzuri sana, kahawia tupu. Mtu yeyote angeamini. Nilikuwa nimetengeneza utando usio na dosari hata moja kwa kutumia kidole gumba kwenye simu. Nikakumbuka karatasi ya mtihani iliyotoboka.

Nilituma zote sita, nzima. Nikaandika kwamba siku ya nne nilifungua pembe kutoa uzi, kwamba kuharibika kulianza siku ya tano, kwamba mama hakuhusika. Sikuandika kwa roho njema. Nilibonyeza vitufe kama mtu anayempiga mtu.

Jibu lilikuja baada ya siku nane. "Poa, asante kwa kusema. Kwa hiyo ni siku nne. Profesa ameshapata mtu. Next time usifungue." Neno lile la Kiingereza, kana kwamba kulikuwa na mara nyingine, kana kwamba alikuwa ameniachia poda. Nilimtukana kwa sauti kibandani, yeye na maabara yake na hewa yake iliyokaushwa kwa mashine. Fundi alisimamisha pedali akasikiliza mpaka nilipomaliza.

"Umeambia mama yako?" akauliza.

"Bado."

"Malesh," akasema, neno lao la pole, lakini hakulisema kwa kunionea huruma. Akaanza kukanyaga tena, kwa mwendo wake uleule mmoja.

Jumamosi nilienda nyumbani. Nilikuwa sijarudi tangu siku ile. Mama akanisalimia kwa Kiturkana, "Ejok," nami nikaitikia. Aliniandalia chakula. Kikombe changu cha maziwa kilikuwa mezani, kwenye jua lililoingia dirishani, kimeanza kuchacha. Niliona tabaka juu yake. Cha kwake kilikuwa kwenye gunia. Daftari langu, chaja yangu, shati nililolisahau, vyote vilikuwa vimepangwa juu ya sanduku moja kwenye kona, mbali na kila kitu chake.

"Kwa nini maziwa yangu hukuyaweka kwenye baridi?" nikauliza. Hata hilo nililiuliza kwa ukali.

"Sijui vitu vyako vinaogopa nini," mama akasema. "Kwa hiyo sivigusi."

Nilikuwa na kioo mfukoni. Nikakitoa, nikakiweka mezani mbele yake. Sasa kilikuwa njano chote. Nikamwonyesha pembe ya kulia, mahali gundi mpya ilipokutana na ya zamani, ukingo ulivyo na mkunjo. Nikamwambia nilikifungua mwenyewe. Nikamwambia siku ya nne, na kwa sababu ya uzi. Nikamweleza yote, njano inavyokunywa nyeupe ikawa kahawia, na maji yanavyoitoa nyeupe ikarudi njano, na nilipofika mahali ambapo nilikuwa nimesema hawezi kuelewa, alikuwa ameshaelewa, kwa sababu aliuliza: "Kwa hiyo gunia lilimalizia tu."

"Lilimalizia tu."

"Na kilikuwa kimeanza kufa juu ya paa."

"Ndiyo."

"Na ulijua, siku ile, ulipokuwa unapiga kelele?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa njia nzima kutoka Kakuma. Nilitaka kusema sikujua. Lilikuwa jibu zuri, halina hata tundu.

"Nilijua kidogo," nikasema.

Mama alikichukua kioo akakigeuza kwenye mwanga, akakuna ile njano kwa juu ya kioo, kwa ukucha, kana kwamba ingetoka. Nikamwambia asikune, ni sumu. Akakiweka chini.

"Hiyo ungeniambia mapema," akasema. "Nilikilaza ndani ya kitambaa changu cha kanisani."

Akaenda kunawa mikono, kwa maji mengi kuliko alivyozoea kutumia. Aliporudi alikichukua kikombe changu cha maziwa yaliyochacha, akayamwaga, akamimina mengine. Akasimama na kikombe mkononi katikati ya chumba.

"Haya yanaogopa nini?" akauliza. Bado alikuwa amekasirika. Nilimwona amekasirika.

"Jua," nikasema.

Akatoka nayo kwenda ukuta wa mashariki.